Tufani na uzio wa mita moja na nusu: uchambuzi wa kisa

Tufani ni mbwa jike, chotara, mwenye miezi 18, kilo 22, miguu mirefu na sikio moja lililokataa kusimama. Anaishi ghorofa ya tatu na mama mmoja na mwanawe wa kiume wa miaka 13. Kisa chake ni cha mfano. Nimekiunga kutokana na hali zinazowakuta watu wengi wanaofuga mbwa mwenye mbio mahali pasipo na ua.

Shida yenyewe ililetwa ikiwa imeshapewa jibu. Mbwa anavuta kamba hadi mtoto anaburuzwa. Mara mbili amechomoa kichwa kwenye mkanda wa shingo akamfukuza paka mpaka barabarani. Akiachwa peke yake anatafuna mlango, na pembe ya chini sasa ni mbao tupu, rangi haipo. Kila aliyeulizwa alisema lilelile: huyo nguvu zimemjaa, mtafutieni pa kukimbia. Basi mama akabaki na swali moja tu: uwanja wa mbwa wenye uzio, ulio karibu, wa ada anayoimudu, unapatikanaje?

Hapo panahitaji kutenganisha mambo. Kuvuta kamba ni suala la mafunzo na vifaa. Uwanja hauligusi, na mbwa akizoea kwamba mwisho wa kila safari kuna mbio, atavuta zaidi njiani. Kumfukuza paka ni silika. Kutafuna mlango akiwa peke yake, tena mlango uleule walikotokea wenyewe, mara nyingi ni wasiwasi wa kuachwa, na mbwa mwenye wasiwasi huo anaweza kukimbia asubuhi nzima na bado akaula mlango alasiri. Kinachobaki baada ya kuyaondoa hayo ni hitaji la kweli: mahali ambapo Tufani anaweza kufunguliwa akakimbia kwa kasi yake yote, na hata akiitwa asiitike, asiweze kwenda popote. Kwa mbwa asiyerudi anapoitwa, uzio ni sharti la kwanza, kabla ya ukubwa wa uwanja, kabla ya kivuli, kabla ya mbwa wenzake.

Mama alianza pale tunapoanzia sote: akaandika "uwanja wa mbwa" kwenye ramani ya simu. Ukatokea mmoja. Si ajabu. Wazo la kutenga eneo la wazi kwa mbwa waliofunguliwa ni changa katika mipango ya miji. Ohlone, ule wa Berkeley, California, ambao wengi huuhesabu kuwa wa kwanza nchini Marekani, ulifunguliwa 1979 tu. Mitaa mingi duniani ilishajengwa kabla ya hapo, na mingi iliyojengwa baadaye haikuwafikiria mbwa hata kidogo. Anayetafuta jina "uwanja wa mbwa" atapata machache. Anayetafuta uzio atapata mengi: kiwanja cha tenisi kisichotumika alfajiri, bustani ya miche iliyofungwa, kiwanja cha mwalimu wa mbwa siku asizofundisha, ua wa nyuma wa zahanati ya mifugo, shamba dogo la mtu aliyezungushia wavu akahamia kwingine. Picha za setilaiti huonyesha mistari hiyo ya uzio vizuri kuliko orodha yoyote. Mengine ni kubisha hodi na kuomba, kazi ambayo watu wengi wanaiogopa kuliko inavyostahili.

Kwa njia hiyo zilipatikana nafasi nne.

Ya kwanza ni uwanja wa umma, bure, mkubwa, wenye uzio mzuri. Uko dakika 45 kwa gari la jirani, maana si kila chombo cha abiria kinampokea mbwa. Ya pili ni kiwanja cha klabu kwa ada ya mwezi, robo saa kwa gari, chenye mageti mawili na sharti la kadi ya chanjo. Ya tatu ni shamba dogo la mzee mmoja anayelikodisha kwa nusu saa, familia moja kwa wakati, mwendo wa dakika 25 kwa miguu. Ya nne ni kiwanja cha tenisi cha majengo yao wenyewe, dakika chache kutoka mlangoni.

Kijana aliutaka ule wa kwanza, na sababu yake haikuwa mbwa: rafiki zake wa shule huenda pale Jumamosi na mbwa wao. Mama aliutaka wa nne kwa sababu ya ukaribu.

Wa nne uliondoka haraka. Uzio wa tenisi ni mrefu kuliko mbwa yeyote anavyoruka, lakini sakafu yake ni ngumu na hushika joto, na mbwa wa kilo 22 akikata kona kwa kasi juu ya sakafu hiyo huchubua nyayo na kujiumiza viungo. Ukiweka mgongo wa kiganja juu ya sakafu na huwezi kukiacha hapo sekunde saba, nyayo za mbwa nazo haziwezi. Msimamizi wa majengo naye alikataa kwa sababu ya mkojo. Sidhani alikosea.

Kabla ya kulinganisha zile tatu zilizobaki kulikuwa na jambo la kadi. Chanjo ya Tufani ya kichaa cha mbwa ilikuwa bado hai, lakini ile ya mchanganyiko, inayokinga distempa na pavo, magonjwa mawili hatari ya virusi kwa mbwa, ilikuwa imepitwa na wakati. Virusi vya pavo vinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na maji ya kawaida hayaviondoi. Uwanja ambao mbwa wengi wanapishana ni mahali pake hasa. Kuhusu kichaa cha mbwa, Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na kwamba kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo ndiko kunakokata mnyororo. Kwa hiyo mwenye kiwanja anayekuuliza kadi getini hakusumbui. Anakulinda dhidi ya yule aliyeingia kabla yako. Asiyeuliza chochote, mimi humtilia shaka. Na yeyote atakayeng'atwa, uwanjani au kwingine, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja kuona kama mbwa ataugua. Mama alikwenda kwa daktari wa mifugo, chanjo ikakamilishwa, minyoo na kupe vikashughulikiwa, na utafutaji ukasimama kidogo mpaka kinga ikae.

Muda huo wa kungoja ndio uliotumika vizuri kuliko mwingine wote, kwa sababu mama alienda kuvitazama viwanja bila mbwa. Hili nalisisitiza kwa kila mtu na wachache hulifanya. Nenda peke yako, saa ileile utakayokuwa ukienda na mbwa wako, simama nje ya uzio nusu saa. Usitazame mandhari. Tazama geti na tazama watu.

Uwanja wa umma, Jumamosi saa nne asubuhi, ulikuwa na mbwa wengi na geti moja. Kila mbwa mpya alipofika, waliokuwa ndani walikuja mbio wakajazana pale, pua kwa wavu. Anayeingia huwa bado amefungwa kamba, mwenye mbwa anahangaika na komeo, na mbwa wake anazungukwa na kundi asilolijua bila nafasi ya kurudi nyuma. Ugomvi mwingi wa viwanjani huanzia hapo, kwenye mita mbili za mlango, wala si katikati ya nyasi. Ndiyo maana viwanja vilivyofikiriwa vina mageti mawili na chumba kidogo katikati: unaingia, unafunga la nyuma, unamfungua mbwa kamba kwa utulivu, ndipo unafungua la mbele. Chumba hicho hufanya kazi mbili. Humzuia wa ndani asichomoke, na humpa anayeingia muda wa kupumua. American Kennel Club, chama kikongwe cha mbwa cha Marekani, kinapendekeza mageti mawili, uzio wa futi nne hadi sita, yaani takriban mita 1.2 hadi 1.8, na eneo la ekari moja au zaidi. Kwa mbwa kama Tufani ningechukua namba ya juu ya hicho kipimo na kuisahau ile ya chini.

Jambo la pili aliloliona mama ni kwamba wenye mbwa wengi walikuwa wamekaa kwenye benchi, migongo kwa mbwa wao, wanazungumza. Wengine walikuwa kwenye simu. Mbwa mmoja mdogo alikimbizwa na watatu muda mrefu, mkia chini ya tumbo, akajificha chini ya benchi, na mwenyewe akacheka akasema wanacheza.

Hawakuwa wanacheza. Mchezo wa mbwa una dalili zake. Anayekimbiza hugeuka akakimbizwa. Mkubwa hujilegeza akaangushwa na mdogo. Kuna vituo vya kupumua. Na kuna ile ishara ambayo kila mfugaji ameiona: kifua chini, makalio juu, mkia unapepea. Mtafiti wa tabia za wanyama Marc Bekoff alionyesha 1995 kwamba mbwa huitumia ishara hiyo hasa kabla au mara baada ya kitendo kinachoweza kueleweka vibaya, kama kung'ata huku kichwa kikitikiswa. Ni namna ya kusema bado tunacheza. Mbwa mmoja akikimbizwa tu, hakuna zamu, hakuna kituo, hakuna ishara, basi yule wa mbele anakimbia kuokoa roho yake. Uzio nao, katika hali hiyo, unamgeukia: unamzuia asitoroke.

Kijana alipinga. Alisema, "Mama, Tufani ni mkubwa, hawezi kuonewa." Hoja yake ina nusu ya ukweli. Tufani angeweza kuwa mmoja wa wale watatu, na hilo si zuri zaidi. Mbwa mwenye silika ya kufukuza, aliyeingizwa kati ya wadogo wanaokimbia na kulia kwa sauti nyembamba, anaweza kuhama kutoka mchezo hadi uwindaji kwa sekunde moja. Ndiyo sababu viwanja bora huwatenga wadogo na wakubwa kwa uzio wa ndani. Ule wa umma haukuwa na uzio huo.

Kuhusu fedha, makosa hufanyika pande zote mbili. "Bure" ya uwanja wa umma ilikuwa na dakika 90 za kwenda na kurudi kwa dakika kama 40 za kukimbia. Mara tatu kwa wiki ni saa nne na nusu barabarani ili kupata saa mbili uwanjani, ukiacha mafuta ya gari la jirani na deni la hisani linalokua. Hakuna familia inayodumu na ratiba hiyo. Baada ya mwezi inakuwa mara moja, kisha sikukuu tu. Klabu nayo ilionekana nafuu ukiigawanya ada kwa siku zote inazofunguliwa. Lakini saa zake zilikuwa za mchana siku za kazi na Jumamosi asubuhi, na mama hurudi jioni. Ukigawanya ada kwa zile siku ambazo yeye angefika kweli, ilikuwa ghali kuliko zote. Gawanya kwa siku utakazokwenda, wala si kwa siku unazoruhusiwa. Shamba la mzee lilikuwa na ada ndogo ya nusu saa, na zile dakika 25 za kutembea hazipotei: ni mazoezi, ni kunusa, ni nafasi ya kufundisha kamba.

Faida kubwa zaidi ya shamba ni ile ambayo watu huiona kama upungufu: hakuna mbwa wengine. Tufani hakuwahi kuzoezwa vizuri kwa mbwa wageni akiwa mdogo. Dirisha la kuzoea, takriban wiki ya 3 hadi ya 14 tangu kuzaliwa, lilipita kabla hajafika kwa familia hii. Kumtupa sasa katikati ya kundi si kumfidia.

Shamba lilikuwa na kasoro zake, na hapa ndipo kazi ilipokuwa. Uzio ni wavu wa chuma wa mita moja na nusu, pungufu ya ile namba ya juu niliyoitaka. Upande wa nyuma, hata hivyo, udongo ulikuwa umerundikana kwenye wavu tangu zamani, na ukisimama juu ya rundo hilo uzio unabaki chini kidogo ya kiuno. Kwenye kona moja wavu ulikuwa umeachana na ardhi, kiganja kingepita. Geti moja, komeo la kusukuma, ambalo mbwa mwerevu hulifungua kwa pua. Ukizungukia uzio wote kwa miguu, mkono ukigusa wavu, unayaona haya yote kwa dakika kumi. Ukisimama getini ukatazama, uzio ni mzima.

Mama alimwendea mzee kwa adabu, hakuja na malalamiko. Alimwambia, "Mzee, shamba lako limetufaa, ila mbwa wangu anaruka na kuchimba. Tukilisafisha lile rundo sisi wenyewe, utaturuhusu?" Mzee aliruhusu, akatoa na kipande cha wavu kilichokuwa kimekaa bure. Udongo ulisogezwa. Kwenye kona, wavu haukuzikwa wima, kazi ambayo ni nzito na ya gharama. Ulilazwa bapa juu ya ardhi, nusu mita kuelekea ndani, ukafungwa na wavu wa zamani na kupigiliwa vigingi. Mbwa anapochimba huanzia pale uzio unapokutana na ardhi, na pale sasa anakuta wavu chini ya kucha. Nyasi zikiota hauonekani tena. Kwenye komeo iliwekwa kulabu ya chemchemi. Geti la pili halikupatikana, kwa hiyo ikawa kanuni: kamba haifunguliwi mpaka geti limefungwa, kulabu imeingia, na mtu wa pili amelitikisa. Kanuni hiyo alikabidhiwa kijana, na tangu siku hiyo haikuvunjwa. Kazi yenye jina huwapendeza watu wa umri huo.

Siku za mwanzo Tufani alifunguliwa akiwa bado anaburuta kamba ndefu ya mita kumi, iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani na si wa shingoni, ili akikaribia uzio kwa nia ya kuruka aweze kukanyagiwa kamba bila kuumia shingo. Hakuruka. Alikimbia miduara mikubwa akiwa ameinamisha masikio, kisha akalala kwenye nyasi akihema, na ikawa imeisha kabla ya nusu saa. Hili huwashangaza wengi: mbwa akiachiwa kweli, hahitaji saa nyingi.

Gharama ilipunguzwa kwa kutafuta mwenza. Jirani wa ghorofa ya kwanza ana dume mtu mzima, mtulivu, aliyehasiwa. Mbwa hao wawili walitembezwa sambamba kwa kamba siku kadhaa, kwa umbali uliopungua polepole, kabla ya kuingizwa shambani pamoja. Mipira na vitafunio viliachwa nje, kwa sababu kitu kimoja cha thamani kati ya mbwa wawili hutosha kuharibu urafiki mpya. Familia mbili zikigawana nusu saa, ada imekuwa nusu. Mzee alikubali kuwahesabu kama kundi moja.

Siku nyingine za wiki hakuna uzio wowote. Kuna uwanja wa wazi karibu na nyumbani, na kamba ileile ya mita kumi. Tufani ananusa anachotaka, kijana anafuata. Kuna watu wanaoona huu ni mbadala hafifu. Mimi sioni hivyo. Watafiti wa tabia za mbwa Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha 2019 jaribio dogo ambamo mbwa waliopewa kazi ya kunusa kwa wiki mbili walikuwa wepesi zaidi kutarajia jema kwenye bakuli lililowekwa mahali pasipoeleweka kama pana chakula, kuliko waliofundishwa kutembea sambamba na mguu wa mtu. Pua inachosha kwa namna ambayo miguu haichoshi.

Matokeo baada ya miezi miwili si yale yaliyoahidiwa na majirani. Kuitika kumeboreka sana ndani ya uzio, kwa sababu kila anapoitwa hutuzwa kisha huachiwa tena, kwa hiyo kuitwa hakumaanishi tena mwisho wa raha. Nje ya uzio, paka akipita, Tufani bado hasikii mtu. Kuvuta kamba kumepungua, na sifa hapo ni za mkanda wa kifuani na zile dakika 25 za njiani, si za shamba. Mlango bado unatafunwa. Hili ndilo mama alilolilalamikia, na jibu langu ni kwamba shamba halikuwahi kuwa dawa yake. Mlango unahitaji mpango wa kumzoeza kubaki peke yake kwa dakika chache zinazoongezeka, na ikibidi ushauri wa daktari wa mifugo, na mpango huo ulipaswa kuanza siku ileile ya kwanza badala ya kungoja uzio.

Mvua nayo italeta suala lake. Shamba lina bonde upande wa geti, na pale mahali ambapo mbwa wote husimama nyasi zimeshaisha. Mama amezungumza na mzee kuhusu kumwaga vipande vya mbao hapo kabla udongo haujawa tope.

Kijana bado anauulizia uwanja wa umma. Mama alitaka niseme hapana, nikakataa kusema hivyo. Tufani akiweza kuacha mchezo na yule dume akaja alipoitwa, mara nyingi kuliko anavyokataa, apelekwe siku ya kazi asubuhi mapema wakati ndani kuna mbwa wawili au watatu. Waingie kukiwa hakuna kundi getini, wasikae kwenye benchi, na watoke ndani ya dakika ishirini, mbwa akiwa bado anafurahia. Jumamosi saa nne rafiki wakutane, ila Tufani abaki nyumbani.